Ukuta Unaorudi Kuwa Jiwe: Chokaa ya Ras Mkumbuu

Msomaji mmoja, mwalimu wa sekondari, amewapeleka wanafunzi wake Ras Mkumbuu kisiwani Pemba, na wamerudi na swali walilobishania njia nzima. Saruji tunayoijua leo ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824. Wakati huo msikiti wa Ras Mkumbuu ulikuwa umeshakuwa gofu zamani. Sasa mawe yale, wanauliza, yameshikwa na nini hata kuta zikasimama mpaka leo kwenye upepo wa chumvi na mvua za masika?

Kwa wasiofika: Ras Mkumbuu ni ulimi mrefu na mwembamba wa ardhi unaochomoza pwani ya magharibi ya Pemba, ukaizuia ghuba ya Chake Chake kwa upande wa kaskazini. Unaweza kuvuka kwa mashua kutoka Wesha, na wengi hufanya hivyo. Mimi nashauri miguu. Njia inapita kwenye minazi na mashamba, bahari ikionekana kushoto na kulia, na mikoko ikijaa kila maji yanapopata pa kuingia. Ulizia wenyeji habari za kupwa na kujaa kabla hujaondoka, beba maji ya kunywa, na toka mapema. Ukiiona mikarafuu kisiwani, kumbuka kwamba waliojenga mji wa Ras Mkumbuu hawakuijua. Iliingia visiwani karne ya 19.

Mwisho wa njia kuna gofu la msikiti mkubwa, makaburi ya mnara, visima na mabaki ya nyumba, na kisiwa cha Misali kinaonekana baharini. James Kirkman alichimba hapa miaka ya 1950, na Mark Horton akafuata miaka ya 1980. Wapo wanaoamini kuwa huu ndio mji wa Kanbalu, ambako msafiri al-Masudi aling'oa nanga kwenda Oman mwaka 916. Wapo wanaokataa. Ubishi huo nawaachia wenyewe, kwa sababu ndani ya ukuta wenyewe kuna kisa ambacho mimi nakiona kitamu zaidi.

Mafundi wa pwani walikuwa na mawe ya namna mbili. Moja ni jiwe gumu la nchi kavu, mwamba uliokuwa tumbawe zamani za kale bahari ilipokuwa juu kuliko leo. La pili ni tumbawe lililokatwa baharini likiwa bichi. Hili la pili, likiwa bado na maji, hukatika kwa shoka na kuchongeka kama mti, likikauka hukaza. Ndiyo maana nakshi za kibla na miimo ya milango zilichongwa kwenye tumbawe la baharini, na mwili wa ukuta ukajengwa kwa jiwe la nchi kavu. Tumbawe la aina hii hukua kama sentimita moja kwa mwaka, kwa hiyo kipande cha upana wa shubiri ni kazi ya miaka ishirini ya wadudu wadogo wanaochota kalsiamu kwenye maji ya bahari.

Mawe hayo, la nchi kavu na la baharini, kwa sehemu kubwa ni kitu kimoja: kalsiamu, oksijeni na hewa ukaa vilivyofungamana. Na chokaa inayoyashikanisha inatokana na mawe hayohayo. Hapo ndipo penye jibu la mwalimu.

Fundi hupanga magogo kwa duara, tabaka juu ya tabaka, hata yakawa jukwaa pana la kuni. Juu yake humwaga vipande vya matumbawe. Huwasha moto kutoka katikati, na tanuu likawaka mchana na usiku. Yanayobaki ni mawe meupe mepesi ya ajabu, ambayo huzimwa kwa maji, au huachwa yalale yapate umande na mvua kwa miezi mpaka yawe unga.

Lichukulie lile tumbawe kama nyumba yenye mpangaji. Nyumba ni kalsiamu na oksijeni yake. Mpangaji ni hewa ukaa. Wamekaa pamoja tangu tumbawe lilipokuwa linajengwa chini ya bahari, na kwa joto la kawaida hakuna wa kuwatenganisha. Moto wa tanuu, ukifika nyuzi 900 hivi za Selsiasi, unamtoa mpangaji kwa nguvu. Anaondoka bila moshi wala harufu, ila mizani inajua: kila kilo 100 za jiwe safi zinabaki kilo 56. Nyumba imebaki tupu, na utupu huo haiuvumilii. Mwagia maji uone. Yanaingia kwa kishindo, chokaa inachemka bila moto, inafuka mvuke, inavimba, inapasuka na kuwa unga. Sasa nyumba ina mpangaji wa pili, maji, na uzito umepanda hadi kilo 74. Hiyo ndiyo chokaa iliyozimwa, laini, inayokubali kuchanganywa na mchanga na kupakwa. Lakini mpangaji wa kwanza hajaenda mbali. Yumo hewani, anazunguka juu ya minazi. Fundi akishaipaka chokaa ukutani, hewa ukaa huanza kuingia kupitia vitundu vya plasta, huyatoa maji, na kushika chumba chake cha zamani. Siku atakapokuwa amerudi wote, zile kilo 100 zimetimia tena. Unga umekuwa jiwe.

Yaani ukuta wa Ras Mkumbuu ni mawe yaliyoshikwa na jiwe. Tumbawe lilichomwa, likazimwa, likapakwa katikati ya matumbawe mengine, na huko likarudi kuwa kile lilichokuwa kabla ya moto. Tofauti ni ndogo: tumbawe hai hujenga kwa fuwele za aragonaiti, na chokaa ikirudi hujipanga kwa fuwele za kalisaiti, ambazo kwa kweli ni tulivu zaidi.

Mafundi wengi husema chokaa "imekauka", na neno hili linaniudhi kidogo kwa sababu linaharibu kazi. Hewa ukaa haiwezi kushikana na chokaa iliyo kavu kabisa. Lazima kwanza iyeyuke kwenye unyevu uliobaki ndani ya vile vitundu. Plasta ikikaushwa haraka na jua, mlango unafungwa mpangaji akiwa nje, na chokaa inabaki unga unaopukutika ukipitisha kidole. Ndiyo maana fundi mzuri hunyunyizia maji ukuta wake. Badala ya kukauka, napendekeza tuseme chokaa "imerudia ujiwe".

Kurudia huko huanzia usoni mwa ukuta na kuingia ndani polepole, na kadiri kunavyokwenda ndani ndivyo kunavyopunguza mwendo. Ukuta mnene unaweza kuchukua miaka mingi kabla kiini chake hakijafikiwa. Wajenzi wa msikiti yumkini walikufa ukuta wao ukiwa bado unaendelea kukomaa.

Na kuna jambo jingine linalonifurahisha. Ukuta wa chokaa ukipata ufa mwembamba, maji ya mvua huyeyusha chokaa kidogo, huipeleka penye ufa, na maji yakiondoka chokaa hubaki pale, hukutana na hewa, ikawa jiwe. Ufa umezibika bila fundi. Nyufa pana, mizizi ya miti na kuta zilizong'olewa mawe ni habari nyingine. Lakini ufa wa unene wa unywele, ukuta unajitibu.

Sasa utaona kwa nini saruji si rafiki wa majengo haya. Ukuta wa chokaa huachia unyevu utoke. Ukiupaka saruji, ambayo ni ngumu kuliko ukuta wenyewe na haipitishi maji kwa urahisi, unyevu wa chumvi unabaki nyuma ya plasta. Chumvi inajigeuza fuwele ndani ya vitundu, inasukuma, na jiwe la kale linaanza kuoza huku uso mpya ukionekana mzima. Kisha siku moja uso wote unabanduka, umeshika kipande cha ukuta wa karne ya 14.

Kwa hiyo, mwalimu, mkirudi Ras Mkumbuu waambie wanafunzi wasipande juu ya kuta wala wasiichokonoe plasta. Na mwenye nyumba ya kale popote kwenye pwani hii, akitaka kuziba ufa, amtafute fundi anayejua kuzima chokaa, amwache achanganye chokaa na mchanga, na saruji aiweke kwa ajili ya nyumba mpya.