Robert wa Molesme: Abati Aliyetamani Upweke

Nchini Uganda, maisha yanayoongozwa na Kanuni ya Mtakatifu Benedikto yanapatikana pande mbili za Kampala. Mtu anayeondoka Nakawa, jijini Kampala, na kuishika barabara ya Jinja kwenda mashariki, akifika Tororo atawakuta Wabenedikto wa shirika la St. Ottilien, na akielekea kusini-magharibi hadi nchi ya Masaka, atawakuta wamonaki wa Kijonjo na masista wa Butende, ambao ni Watrapisti. Wamonaki ni watawa wanaoishi pamoja katika nyumba iitwayo monasteri, chini ya mkuu mmoja, wakiigawa siku yao kati ya sala, usomaji mtakatifu na kazi za mikono. Asili ya Watrapisti haiwezi kueleweka bila kumfahamu Robert wa Molesme, abati wa Kibenedikto wa karne ya 11, ambaye katika maisha yake marefu alitaka kukaa kimya mahali pasipo watu, na ambaye karibu kila mara aliitwa kutoka huko akaongoze wengine.

Mvutano huo kati ya upweke na uongozi ulikuwamo tayari ndani ya Kanuni yenyewe. Benedikto, aliyezaliwa Italia yapata mwaka 480, alianza kwa kuishi peke yake katika pango la Subiaco kwa muda wa miaka mitatu hivi kabla ya kuwa baba wa jumuiya, na baadaye aliandika Kanuni yenye sura 73 kwa ajili ya watu wanaoishi pamoja. Katika sura ya kwanza anawasifu wakaapweke, yaani watawa wanaojitenga na watu wote ili wamtafute Mungu, lakini anaweka sharti kwamba mtu asiuendee upweke kwa ari ya siku za mwanzo, bali baada ya kufunzwa kwa muda mrefu na ndugu zake katika monasteri. Abati, ambaye cheo chake maana yake ni baba, anatakiwa kuwa mwalimu, tabibu wa roho na mtumishi anayejua kwamba atatoa hesabu ya kila mtu aliyekabidhiwa. Unyenyekevu umepewa sura nzima, ya saba, yenye ngazi 12, na miongoni mwa ngazi hizo imo ile ya kumtii mkubwa hata pale amri inapokuwa chungu. Ngazi hiyo ndiyo inayoonekana zaidi katika maisha ya Robert.

Robert alizaliwa yapata mwaka 1028 katika jimbo la Champagne, Ufaransa, katika ukoo wa wakuu. Akiwa kijana wa miaka 15 hivi aliingia monasteri ya Moutier-la-Celle, karibu na mji wa Troyes, na baadaye akawa priori wake, yaani msaidizi wa kwanza wa abati. Yapata mwaka 1068 aliteuliwa kuwa abati wa Saint-Michel huko Tonnerre, akakuta jumuiya iliyozoea mambo yake na isiyokuwa tayari kurekebishwa. Baada ya miaka michache aliuacha uabati huo, akarudi Moutier-la-Celle kuwa mmonaki wa kawaida. Kwa watu wa zama zile, ambao waliuona uabati kuwa ni ubwana wenye mashamba, watumishi na kiti katika mabaraza ya wakubwa, hatua hiyo haikuwa ndogo.

Katika msitu wa Collan, si mbali na Tonnerre, kulikuwa na kikundi cha wakaapweke waliomtaka Robert awe kiongozi wao, na Papa Gregori VII aliridhia ombi lao. Mwaka 1075 Robert aliondoka nao, wakaanzisha monasteri ya Molesme katika jimbo la Langres. Mwanzoni walikaa katika vibanda vya matawi, wakakosa chakula na mavazi, lakini sifa ya ufukara wao ikavuta watu wengi, na waliovutwa hawakuja mikono mitupu. Wakuu wa nchi walitoa ardhi, makanisa na zaka, yaani sehemu ya kumi ya mavuno ya wakulima, kwa kutaka waombewe na wazikwe karibu na watu watakatifu. Hivyo ndivyo umaskini wa kweli ulivyozaa utajiri, na utajiri ulivyozaa uvivu. Si kwamba wamonaki wa Molesme walikuwa waovu, bali kazi za shamba zilianza kufanywa na wengine, huku wao wakibaki na ibada ndefu, mavazi mazuri na chakula kilichozidi kile kilichoruhusiwa na Kanuni.

Katika miaka hiyo hiyo alifika kwa Robert mwalimu mashuhuri aitwaye Bruno wa Cologne, aliyetafuta ushauri wa maisha ya upweke. Bruno na wenzake walikaa kwa muda huko Sèche-Fontaine, katika ardhi ya Molesme, kisha mwaka 1084 wakaondoka kwenda milima ya Alpi kuanzisha Chartreuse, chimbuko la Wakartusi. Bruno alipata upweke alioutamani Robert, na Robert akabaki na jumuiya iliyozidi kukua. Yapata mwaka 1090 naye alijitenga, akaenda kuishi na wakaapweke mahali paitwapo Aux, lakini wamonaki wa Molesme wakamwomba arudi, naye akarudi.

Mgogoro wa Molesme umesimuliwa na Orderic Vitalis, mmonaki mwanahistoria aliyeishi Normandia katika karne ya 12. Kwa masimulizi yake, Robert aliwataka ndugu zake waishi kwa kazi ya mikono yao, waache zaka, na waishike Kanuni kama ilivyoandikwa. Wao walijibu kwamba desturi zao zilirithiwa kutoka kwa watakatifu waliowatangulia, kwamba maisha ya mababa wa jangwa la Misri, yaani wamonaki wa mwanzo, yalifaa nchi ya joto na si baridi ya Ufaransa, na kwamba kulima ni kazi ya wakulima. Hoja hizo zinastahili kusikilizwa kwa heshima, kwa kuwa ibada ndefu ya kwaya ilikuwa utukufu wa monasteri nyingi za wakati ule, ikiwemo Cluny, iliyoanzishwa mwaka 910 na kuheshimiwa kote Ulaya. Hata hivyo, Robert aliona kwamba mtu anayekula jasho la maskini huku akijiita maskini anajidanganya, na katika jambo hilo ni vigumu kutokubaliana naye.

Akiwa na umri wa miaka 70 hivi, Robert alikwenda Lyon pamoja na baadhi ya wamonaki wake, wakiwemo Alberic na Mwingereza Stephen Harding, wakamwomba ruhusa Askofu Mkuu Hugh, balozi wa Papa katika Ufaransa. Ruhusa ikatolewa, na mwaka 1098 Robert na wamonaki wapatao 21 waliingia mahali pa msitu na maji yaliyotuama paitwapo Cîteaux, kusini mwa Dijon. Mapokeo ya shirika yanaitaja tarehe 21 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Benedikto. Nyumba hiyo waliiita tu Monasteri Mpya. Kwa mara nyingine mzee huyo alikuwa na vibanda vya miti, njaa na kimya, na safari hii alikuwa na ndugu waliotaka kile alichokitaka yeye.

Hakukaa humo hata miaka miwili. Wamonaki wa Molesme, walioona nyumba yao imepoteza heshima mbele ya wakuu na waumini, walimlalamikia Papa Urbano II wakitaka abati wao arudishwe. Suala hilo lilikabidhiwa kwa Hugh, na mwaka 1099 ikaamuliwa Robert arudi Molesme. Waliotaka kumfuata waliruhusiwa. Alirudi. Katika waraka wake Hugh alidokeza kwamba Robert alikuwa na kawaida ya kubadilika upesi, na baadhi ya waandishi wa Cîteaux waliupokea udokezi huo, hata kwa muda mrefu wakamhesabu Alberic kuwa abati wao wa kwanza.

Hukumu hiyo ilikuwa kali mno. Alipotoka Tonnerre aliacha cheo, hakukifuata. Alipotoka Aux aliacha upweke kwa sababu ndugu waliomba. Na alipotoka Cîteaux aliacha kazi ya maisha yake kwa sababu aliamriwa na wenye mamlaka. Mtu mwenye kiburi angeweza kubishana, kukata rufaa, au kuwagawa wafuasi wake. Robert alikwenda kuwaongoza watu waliokataa mawazo yake, akakaa nao miaka zaidi ya kumi, na Molesme ikapata nidhamu nzuri zaidi chini yake.

Huko Cîteaux, Alberic aliongoza hadi mwaka 1109, kisha Stephen Harding akaupa utaratibu Shirika la Wasitoo, waitwao hivyo kutokana na jina la mahali hapo. Bernard wa Clairvaux aliingia pamoja na wenzake wapatao 30 yapata mwaka 1113, na alipofariki mwaka 1153 monasteri za shirika zilikwisha kupita 300. Katika karne ya 17, abati Armand-Jean de Rancé wa La Trappe alihimiza kurudia ukali wa mwanzo, na kutoka hapo wakapatikana Watrapisti. Wale wa Kijonjo walitokana na monasteri ya Lumbwa nchini Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1956 na wamonaki wa Koningshoeven, Uholanzi. Baada ya vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, jumuiya hiyo ilihamia Uganda na kuanza upya. Butende ilianzishwa na masista waliotoka Uholanzi katika miaka ya 1960. Msomaji wa Nakawa anayeishi kati ya soko, viwanda na msongamano wa magari anaweza kudhani kwamba nyumba hizo zimewafungia watu mlango, lakini sura ya 53 ya Kanuni inaagiza kila mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe.

Robert alifariki Molesme mwaka 1111, akiwa na umri wa miaka 83 hivi, na katika miaka ya 1220 Papa Honori III aliruhusu aheshimiwe kama mtakatifu. Wasitoo, waliosita kumhesabu miongoni mwa maabati wao, leo wanamwadhimisha pamoja na Alberic na Stephen katika sikukuu moja ya waanzilishi, tarehe 26 Januari, ambayo ni siku aliyofariki Alberic, mrithi wake.