Je, Wajua? Fundi wa Karata Asiyeona

Kwamba mmoja wa mafundi hodari zaidi wa karata duniani haoni? Richard Turner, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1954, alianza kupoteza uwezo wa kuona akiwa na miaka 9, baada ya kuugua. Alifunzwa na gwiji wa karata Dai Vernon, na kampuni kubwa ya kutengeneza karata nchini Marekani ikategemea vidole vyake kupima ubora wa karata zake.

Wapo watakaosema upofu ndio uliompa kipaji. Sikubaliani nao hata kidogo. Upofu haumfundishi mtu kugawa karata ya chini huku watazamaji wakiamini ni ya juu. Mazoezi ya miaka mingi ndiyo hufundisha. Hapa Kisumu, katika shule ya wasioona ya Kibos, wanafunzi husoma nukta nundu kwa ncha za vidole, na hakuna anayezaliwa akiujua ustadi huo. Wengine watauliza: je, karata si kamari tu? Turner hutumia mbinu za walaghai kuburudisha ukumbi, si kupora watu. Tena kwa miaka mingi alikataa kutambulishwa jukwaani kama mtu asiyeona: alitaka kazi yake ipimwe kwanza.