Masaa ya kazi nayo ni pesa

Wandugu wanachama, wakati wa kupanga bei ya kahawa huwa tunahesabu mifuko, mafuta ya mashini na usafiri. Masaa ya kupalilia, kuchuma na kugeuza kahawa kwenye meza za kukaushia, hayo tunayasahau. Kumbe ndiyo yanakula nguvu yetu zaidi.

Kama kooperative yenu iko na kompyuta, kuna programu ya bure inaitwa Timewarrior. Ikiisha kuwekwa, haiombi intaneti. Kikundi kikianza kazi, sekretere anaandika mustari mmoja:

timew start kupalilia

Wakimaliza:

timew stop

Mwisho wa juma, hii inaonyesha masaa yote ya juma hilo:

timew summary :week

Muangalie mambo matatu. Kwanza, pale sisi tunasema saa moja ya asubuhi, kompyuta inaandika 07:00. Pili, umeme ukikatika hesabu haipotei, kwa sababu programu imekwisha kuandika saa ya kuanza. Tatu, mukichelewa kufunga, siku ileile muandike saa yenyewe: timew stop 11:00.

Programu haihesabu watu. Hao muwaandike mu kaye: watu 6 kwa masaa 4 ni masaa 24. Muzidishe na malipo ya saa moja. Hapo mutajua kazi imekula pesa ngapi, mbele ya kukubali bei ya mnunuzi.