Je, Wajua? Cheche za Plagi

Je, wajua kwamba betri ya gari ina volti 12 tu, lakini koili huzipandisha hadi kupita 20,000? Bila nguvu hiyo, cheche haiwezi kuruka pengo la plagi, ingawa pengo lenyewe ni kama milimita moja.

Injini ya petroli ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inahitaji cheche 25 kwa sekunde.

Dizeli haihitaji cheche hata moja. Hewa hubanwa mpaka joto lake linawasha mafuta. Fundi akisema koili ya lori lako la dizeli imekufa, tafuta fundi mwingine.

Je, wajua kwamba plagi inaweza kutoa cheche safi mkononi mwa fundi na kushindwa ndani ya silinda? Umeme hupita kwa shida kwenye hewa iliyobanwa.

Toyota nyingi za miaka hii zina koili moja juu ya kila plagi. Gari likimisi, mashine ya kupima ikaonyesha kodi ya hitilafu P0303, maana yake silinda namba 3 inakosa kuwaka. Haijasema koili ni mbovu! Zima injini, chukua spana namba 10, badilishana koili ya 3 na ya 1, futa kodi, kisha endesha. Ikija P0301, koili ndiyo mkosaji. Ikirudi P0303, kagua plagi, halafu nozeli, halafu kompresheni. Na bado kuna wanaouziwa koili zote nne kabla boneti haijafunguliwa.

Taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima, usilikimbize gari. Petroli isiyoungua inaingia kwenye eksozi na kuunguza katalitiki konveta, kifaa ambacho bei yake inazidi ya koili kwa mbali.

Plagi ikitoka na rangi ya kahawia hafifu, injini ni nzima. Masizi makavu meusi: petroli imezidi hewa. Imelowa oili: shuku ringi za pistoni au sili za valvu. Nyeupe yenye malengelenge: joto limepita kiasi.

Mfumo wa kutoa cheche kwa betri, koili na pointi, wa mvumbuzi Charles Kettering, uliingia kwenye Cadillac za mwaka 1910.

Je, wajua kwamba plagi huanza kukazwa kwa vidole, injini ikiwa imepoa? Ukianza na spana ikaingia upande, uzi wa aluminiamu unaliwa, na hapo ni kushusha silinda hedi.