Ujasiri wa Kujitangaza: Juu ya Sifa Wapewazo Wanasiasa Watoboao Siri Zao

Siku hizi neno ujasiri limepata kazi mpya. Mwanasiasa akitangaza hadharani kwamba ana saratani, au kwamba aliwahi kutibiwa maradhi ya akili, au kwamba mwanawe ameuawa na Ukimwi, haupiti muda kabla hajaitwa jasiri. Makala haya yanakusudia kuuliza kama sifa hiyo humstahili kila apewaye. Swali lenyewe si la adabu tu, kwani neno likigawiwa ovyo, yule aliyelilipia kwa gharama kubwa hubaki hana jina la kuitwa.

Yafaa tuanze na maneno yenyewe. Jasiri na shujaa yote mawili yalitufikia kutoka Kiarabu, lakini hayakukaa mahali pamoja. Shujaa alikaa zaidi katika vita. Jasiri humwelekea mtu athubutuye, awe na haki au asiwe nayo. Yanapokutana ni katika hatari. Wahenga waliosema kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio hawakuwa wakimsifu shujaa kwa maneno matamu. Walikuwa wakitaja bei. Pasipo uwezekano wa kilio nyumbani kwake, mtu aweza kuwa mkweli, aweza kuwa mwungwana, lakini ushujaa bado hatujauona.

Vitenzi navyo vina ushahidi wake. Kukiri hudai kuwapo kwa tuhuma. Kuungama hudai kuwapo kwa dhambi. Mwandishi wa habari aandikaye kwamba waziri “amekiri” kuwa ana saratani amekwisha kuugeuza ugonjwa kuwa kosa, kisha katika aya ifuatayo anamsifu waziri huyo kwa ujasiri wa kulikiri. Sehemu ya ujasiri huo, basi, imetengenezwa na kitenzi.

Natuangalie visa. Mwezi Julai 1972, Seneta Thomas Eagleton wa Missouri aliteuliwa na chama cha Democratic nchini Marekani kuwa mgombea mwenza wa George McGovern. Tarehe 25 ya mwezi uo huo alitangaza mbele ya waandishi kwamba katika miaka ya 1960 alilazwa hospitali mara tatu kwa maradhi ya huzuni, na kwamba alitibiwa kwa umeme. Tarehe 31 alijiuzulu ugombea. Gharama hapa haina ubishi. Lakini Eagleton hakuwa amemweleza McGovern habari hiyo alipoteuliwa, na alisema pale ambapo waandishi walikuwa wamekwisha kuinusa. Alilipa, ila hakuchagua kulipa. Ajabu ni kwamba watu wa Missouri walimrudisha katika Seneti mwaka 1974 na tena 1980: wapiga kura waliomjua hawakutishika kama walivyotishika wakuu wa chama.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mtu mmoja aliyejitangaza mara mbili. Chris Smith aliingia katika Bunge la Uingereza mwaka 1983 kwa kura chache mno, na mwezi Novemba 1984, katika mkutano wa hadhara mjini Rugby, akasema kwa hiari yake kwamba yeye hupenda watu wa jinsia yake. Hapakuwa na mbunge aliyemtangulia kwa kusema hivyo pasipo kushurutishwa. Msomaji na awe na maoni yake juu ya jambo lenyewe. Mizani yetu haipimi hilo. Hupima kwamba mtu mwenye kiti cha kutikisika alikitia rehani, asijue kwamba angekihifadhi mwaka 1987. Mwaka 2005 Smith huyo huyo alitangaza kwamba alikuwa na virusi vya Ukimwi, jambo alilolijua tangu 1987. Wakati huo alikuwa amekwisha kuamua kutogombea tena. Tangazo la pili lilikuwa na manufaa makubwa kwa wagonjwa wengine, pengine kuliko la kwanza, lakini kwa upande wa hatari mawili hayo hayalingani. Manufaa na ujasiri ni vitu viwili, na wasifuji wengi huvichanganya.

Hapa nyumbani, Profesa Anyang' Nyong'o, akiwa Waziri wa Huduma za Matibabu, alieleza mwaka 2010 kwamba alikuwa na saratani ya tezi dume, akaenda kutibiwa Marekani. Cheo hakikuwa hatarini. Mwaka 2013 alichaguliwa kuwa Seneta wa Kisumu. Lililokuwa hatarini ni haya. Maradhi yale ni ya mahali ambapo wanaume watu wazima hawapataji hata mbele ya daktari, sembuse mbele ya taifa. Hilo ni tendo la ujasiri wa kadiri yake, nami sioni sababu ya kulidharau. Lakini hadithi hiyo haikamiliki bila ya kumtaja mwenzake asiye na cheo, aliyekuwa akingoja zamu katika Hospitali Kuu ya Kenyatta. Yeye ugonjwa ukijulikana aweza kupoteza kibarua, na hakuna gazeti litakalomwita jasiri.

Ugumu mkubwa umo katika habari za watoto. Mwezi Oktoba 1987 Rais Kenneth Kaunda wa Zambia alitangaza kwamba mwanawe, Masuzyo, aliyefariki Desemba 1986, alikufa kwa Ukimwi. Nelson Mandela alifanya vivyo hivyo tarehe 6 Januari 2005, siku aliyofariki mwanawe Makgatho. Kaunda alikuwa mtawala wa chama kimoja, na katika uchaguzi wa 1988 alisimama peke yake, kura hazikumtisha. Mandela alikwisha kuondoka madarakani tangu 1999, na alikubali kwamba alipokuwa rais hakuusemea ugonjwa huo vya kutosha. Hata hivyo Kaunda alisema wakati ambapo viongozi wengi wa Afrika waliuona Ukimwi kuwa fedheha ya kufichwa, na aliisema fedheha hiyo kuwa ya nyumba yake. Kwangu mimi yeye ana haki ya sifa kuliko Mandela, kwa kuwa alitangulia.

Lakini siri ile ilikuwa ya nani? Siri ya mtungi aijuaye kata, na hapa kata ndiyo iliyosema, mtungi ukiwa umekwisha kuvunjika. Lugha yetu inalo neno kwa anayetoboa siri yake, na inalo kwa anayetoboa ya mwenziwe, nalo hili la pili kwa kawaida si la sifa. Kwa mzazi atoboaye ya mwanawe marehemu, ambayo ni yake na si yake, sijalipata.