Madaftari Mawili ya Mvua ya Ukambani

Kila mwezi wa Oktoba unapowadia, wakazi wa Kitui na Makueni huelekeza macho mawinguni, na kauli moja hurudiwa sokoni, kanisani na katika vyumba vya walimu: "Mvua ya siku hizi si ile ya zamani." Kauli hii ni nzito kuliko inavyosikika. Anayeitamka anadai kwamba anazo kumbukumbu mbili, ya leo na ya jana, na kwamba amekwisha kuzilinganisha. Basi ni haki tuulize: hiyo mvua ya zamani imeandikwa wapi?

Kwa Mwingereza swali hili lina jibu jepesi. Nchini mwake kuna orodha ya halijoto ya eneo la kati la Uingereza inayoanzia mwaka 1659, iliyokusanywa na kupangwa na mtaalamu Gordon Manley, na kuna orodha ya mvua inayoanzia mwaka 1766. Tarehe 19 Julai 2022, halijoto ilipofika nyuzi 40.3 huko Coningsby, magazeti ya huko yaliweza kutangaza kwamba joto la namna hiyo halijapata kupimwa nchini humo. Maneno "tangu rekodi zianze" yalikuwa na uzito. Mzee wa Kiingereza anayedai kwamba majira ya joto ya utoto wake yalikuwa makali zaidi anaweza kufunguliwa daftari akaonyeshwa ukweli au uongo wa madai yake.

Sisi hatukujaliwa daftari refu kiasi hicho. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Kitui mwaka 1849 na kuchapisha msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki mwaka 1850, Kikamba kikiwemo, alikuwa mtu wa lugha. Hakuwa mpima mvua. Vipimamvua vilikuja baadaye pamoja na utawala wa kikoloni, vikawekwa kwenye boma za serikali, misheni na stesheni za reli. Hata hivyo, kipimo hueleza habari za mahali kilipowekwa. Milima ya Mbooni na Kilungu hupata mvua nyingi kuliko nyanda za Kibwezi na Makindu, na mji wa Kitui hauwezi kusimama badala ya nyika za mashariki zinazoelekea Mto Tana. Anayesoma "wastani wa Kitui" na kudhani amesoma habari za kila shamba la Kitui amejidanganya.

Lakini Wakamba walikuwa na daftari jingine kabla ya kipimamvua, na daftari hilo limo ndani ya lugha. Mimi ni mwalimu wa isimu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwahimiza wanafunzi wangu watokao Ukambani warudi likizoni na kuwauliza wazee wao majina ya njaa. Kikamba hutofautisha *nzaa*, ile njaa ya mtu asiyekula mchana, na *yua*, njaa ya nchi nzima. Nzaa huja na kupita bila kukumbukwa. Yua hupewa jina, na jina hilo hudumu kama mnara.

Tutazame majina matatu tu.

La kwanza ni Yua ya Ngomanisye, njaa kuu ya mwisho wa karne ya 19, hasa miaka ya 1898 na 1899. Maana ya jina ni njaa iliyoenea kila mahali, isiyomwachia mtu pa kukimbilia. Maana hiyo ina uzito wa kihistoria. Desturi ya Mkamba aliyepatwa na ukame ilikuwa kwenda kwa ndugu, kwa rafiki wa damu au kwa majirani waliovuna, akabadilishana mifugo au kazi kwa chakula. Mara hii hapakuwa na pa kwenda. Mvua ilikuwa imekosekana, ng'ombe walikuwa wamekwisha kuangamizwa na sotoka katika muongo huo huo, ndui ilikuwa ikiua watu, na reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilikuwa ikipita nchini na maelfu ya vibarua waliohitaji kula. Neno moja la Kikamba limebeba habari ambayo mwanahistoria huitafutia sura nzima ya kitabu.

La pili ni Yua ya Ndeke, njaa ya ndege, ya mwaka 1961. *Ndeke* ni neno letu la Kiswahili "ndege" lililovaa matamshi ya Kikamba. Hapa madaftari mawili yanagongana, na mgongano wenyewe ndio wenye mafunzo. Mwanafunzi akifungua daftari la kipimamvua atakuta kwamba vuli ya mwaka 1961 ilikuwa miongoni mwa zile zenye mvua nyingi mno katika Afrika Mashariki, hata Ziwa Viktoria likafura. Akifungua daftari la lugha atakuta njaa. Je, nani amesema uongo? Hakuna. Ukame ulitangulia na kumaliza ghala. Kisha mafuriko yakaja, yakakata barabara na kusomba kilichopandwa, na chakula cha msaada kikalazimika kuangushwa kutoka angani. Kipimamvua kilihesabu maji. Watu walihesabu kilichowafikia mdomoni.

La tatu ni Yua ya Nikw'a Ngwete, ya miaka ya mwanzo ya 1980. Jina lenyewe ni sentensi kamili: "ninakufa huku nimeshika", yaani pesa ziko mkononi na chakula hakinunuliki kwa sababu hakipo. Linganisha jina hili na Ngomanisye utaona jinsi nchi ilivyobadilika katika muda wa miaka 80 hivi. Zamani mwenye njaa alitafuta ndugu mwenye nafaka. Sasa alitafuta duka lenye unga. Mvua ilikosekana nyakati zote mbili, lakini mlango uliofungwa haukuwa ule ule.

Najua msomaji makini ataniuliza: je, majina haya si mambo ya kusimuliwa tu jioni? Ni kweli kwamba yana kasoro. Njaa moja huweza kuwa na majina mawili katika tarafa mbili, na jina moja huweza kuvishwa miaka tofauti. Hilo la Nikw'a Ngwete lenyewe wengine huliweka 1980 na 1981, wengine 1984, na miaka yote hiyo ilikuwa ya dhiki. Kumbukumbu hupenda msiba mkubwa na kusahau misimu ya kawaida. Hakuna aliyetunga jina kwa ajili ya mwaka ambao mahindi yalikomaa vizuri na watoto wakashiba. Kwa hiyo mtu asiyekuwa na ushahidi mwingine ila majina atadhani zamani ilikuwa njaa tupu, na asiyekuwa na ushahidi mwingine ila utoto wake atadhani zamani ilikuwa neema tupu. Dawa ya kasoro hizi ni kuyasoma madaftari yote mawili bega kwa bega, moja likilisahihisha jingine.

Haya ya majina ya njaa yanatuleta kwenye majina ya misimu, na hapa nina shauri la moja kwa moja kwa walimu wenzangu. Vitabu vya shule hufundisha kwamba Kenya ina mvua ya masika, yaani mvua ndefu, kuanzia Machi hadi Mei, na mvua ya vuli, yaani mvua fupi, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Maneno masika na vuli yalizaliwa pwani, kwa watu waliohesabu mwaka kwa pepo za kaskazi na kusi. Huko masika ni mvua kubwa kweli. Ukambani mambo ni kinyume. Mbua ya nthwa, inayonyesha wakati wa vuli, ndiyo tegemeo la mkulima. Mbua ya uua, ya wakati wa masika, ndiyo yenye kuhadaa. Mtoto wa Mutomo au Wote anayekariri darasani kwamba "mvua fupi" ni ndogo anajifunza jambo ambalo mama yake, akiwa shambani, anajua si kweli. Jembe na mbegu za mama huyo hungoja Oktoba.

Tofauti hii inagusa maisha. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, Pembe ya Afrika pamoja na mashariki mwa Kenya ilishuhudia misimu mitano mfululizo ya mvua hafifu, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa muda wa miaka 40. Watafiti wa kimataifa waliochunguza ukame huo walitoa matokeo yao mwaka 2023. Walieleza kwamba mvua ya Machi hadi Mei inaelekea kupungua, ilhali ile ya Oktoba hadi Desemba inaelekea kuongezeka. Walieleza pia kwamba joto lililoletwa na mabadiliko ya tabianchi lilifanya ukame wa namna hiyo uwe rahisi kutokea takriban mara 100 zaidi, kwa sababu jua hunyonya unyevu wa udongo na wa mimea. Tafakari maana yake: mvua ya kiasi kile kile kilichomtosha babu inaweza isimtoshe mjukuu. Mzee anayesema "mvua si ile" huku mtaalamu akimwonyesha milimita zile zile huenda wote wawili wanasema kweli. Kipimamvua hupima kinachoshuka; hakipimi kinachopaa.

Wala msimu haba hauna maana ya usalama kutokana na maji. Tarehe 4 Desemba 2021, katikati ya kipindi hicho hicho cha ukame, basi lililowabeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na Mto Enziu huko Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakaaga dunia. Msimu uliandikwa kuwa hafifu. Siku moja ya msimu huo ilitosha kuua. Kisha vuli ya mwaka 2023 ikaja na El Nino na mafuriko, na vuli za 1961, 1997 na 2019 nazo zilikuwa zimekuja na mafuriko. Katika miaka hiyo yote minne maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, upande wetu, yalikuwa na joto kuliko kawaida yakilinganishwa na ya upande wa mashariki. Kwa hiyo tusidanganywe na neno "kuongezeka". Mvua inayoongezeka kwa kunyesha siku chache kwa ghadhabu haijazi debe la mkulima. Hujaza makorongo, ikashuka na udongo wake hadi Athi na Tana.

Tufanye nini basi? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mvua ni mali. Ninapendekeza mambo mawili ambayo shule yoyote ya Kitui na Makueni inaweza kuyaanza pasipo kungoja fungu la fedha kutoka popote.

Kwanza, kila shule iwe na kipimamvua na daftari lake. Kifaa chenyewe si cha ajabu: chombo chenye ubavu ulionyooka, kilichowekwa mahali pa wazi mbali na miti na mapaa, na rula ya kupimia kina cha maji kila asubuhi saa ile ile. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita mraba. Mwanafunzi akijua hivyo atapiga hesabu kwamba paa la darasa lenye mita mraba 100 likipata milimita 20 limepata lita 2,000, na ataanza kuuliza maji hayo yalikwenda wapi. Jambo la lazima ni kutokatiza. Daftari la miaka 30 lenye mapengo ya kila likizo halina faida kubwa. La miaka 10 lisilo na pengo ni hazina.

Pili, kando ya safu ya milimita iwekwe safu ya maneno. Wanafunzi wawaulize wazee: njaa hii iliitwaje hapa kwetu? Ilianza baada ya nini? Watu walikula nini? Walikwenda wapi? Tarehe zifungwe kwenye matukio yanayojulikana, kama vile kupita kwa reli, vita vikuu, uhuru wa mwaka 1963 au kugawanywa kwa Machakos na kuzaliwa kwa wilaya ya Makueni mwaka 1992. Maneno yaandikwe kwa Kikamba kama yalivyotamkwa, kisha yafasiriwe. Asiwepo mwalimu wa kumkemea mtoto kwa kuleta Kikamba darasani siku hiyo, kwa maana ushahidi hauna budi kusikilizwa katika lugha ulimotolewa.

Kazi hii ina haraka. Walionusurika Ngomanisye wenyewe wamekwisha kutuacha, na walioziona ndege za 1961 wakiwa watu wazima sasa ni wachache na wazee mno. Nimewauliza wanafunzi wangu kadhaa ukame wa 2020 hadi 2022 unaitwaje nyumbani kwao. Wengi walinijibu kwa Kiingereza cha redioni, neno ambalo lingefaa ukame wowote, mahali popote. Yawezekana jina lipo vijijini nao hawajalisikia, yawezekana halijatungwa. Kwa vyovyote, watoto wanaonyonya leo huko Kitui na Makueni watakapokuwa wazee, nao watasema mvua ya siku hizi si ile ya zamani. Kama watakuwa na pa kulithibitishia neno hilo, patakuwa pale ambapo walimu na wanafunzi wa leo wameandika.