Mtoto akienda tamasha la muziki, usimfungie sare pekee

NDUGU msomaji, ikiwa una mtoto katika kwaya au kikundi cha ngoma shuleni, bila shaka waijua pilikapilika ya jioni ya kuamkia safari. Sare ya kuimbia imepigwa pasi mara mbili. Viatu vimeng'arishwa, njuga zimehesabiwa, na mwalimu ameagiza kila mtoto aje na soksi nyeupe zisizo na doa. Mkoba wafungwa, dua yaombwa na mtoto analala mapema.

Lakini hebu jiulize: mkoba huo umefungwa kwa ajili ya majaji au kwa ajili ya mtoto?

Swali hili si la mzaha. Yeyote aliyewahi kuhudhuria mashindano haya katika miji ya nyanda za juu ameyaona. Ni saa moja asubuhi na ukungu bado haujainuka uwanjani. Kikundi cha ngoma kimekwisha kuvalia: wavulana vifua wazi, sketi za makonge viunoni, miguu mitupu kwenye nyasi zenye umande. Zamu yao ilikuwa ya pili, lakini ratiba imebadilishwa. Saa mbili inapita, saa tatu inapita. Watoto wamejikunyata ukutani, midomo imekauka na meno yanagongana. Zamu inapofika, sauti iliyofanyiwa mazoezi tangu muhula wa kwanza haitoki.

Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka wa 1927, na hadi leo ni mojawapo ya mikusanyiko mikubwa ya wanafunzi nchini. Washindi hupanda ngazi kutoka mashinani hadi fainali za kitaifa, ambazo kwa kawaida huja mwezi wa Agosti. Shida ni kwamba tamasha hizi hazina mji mmoja. Mtoto anayeishi Mombasa anaweza kujikuta Nyeri, na yule wa Nyeri akajikuta Kisumu. Mzazi naye humfungia mkoba kwa kutazama hali ya hewa ya nyumbani kwake.

Nchi moja, hali nyingi

Kumbuka kwamba kadiri unavyopanda juu ndivyo joto linavyopungua, takriban nyuzi sita kwa kila mita 1,000. Mombasa iko usawa wa bahari, ilhali Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu yake na Eldoret yapata mita 2,100. Mwezi wa Agosti, mtu wa Mombasa anaweza kushinda mchana katika nyuzi 28. Katika nyanda za juu za kati, miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo ya baridi na mawingu, na usiku joto huweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini ya hapo.

Magharibi nako kuna mambo yake. Kakamega na Kericho, asubuhi hupambazuka jua likiwaka kana kwamba mvua haijulikani huko. Ifikapo saa tisa alasiri, mbingu hufunguka na pengine mawe ya barafu yakaanguka. Kwa hivyo, kabla ya kufunga mkoba, muulize mwalimu tamasha ni mji gani na watoto watalala wapi. Kisha sikiliza utabiri wa hali ya hewa wa mji huo, wala si wa kwenu.

Nguo nyepesi tatu hushinda koti moja

Wazazi wengi hudhani dawa ya baridi ni koti moja zito. Koti hilo huujaza mkoba, na jua linapotoka mtoto hulivua na kulisahau kwenye basi. Kinachohifadhi joto ni hewa iliyonaswa baina ya nguo na nguo. Fulana inayobana mwili, sweta ya sufu juu yake, na jaketi jepesi lisilopitisha maji juu ya zote vitamfaa zaidi, kwani atavua na kuvaa kulingana na saa. Si lazima viwe vipya. Sweta nzuri za sufu hupatikana kwenye vibanda vya mitumba kwa bei ya chini kuliko ile ya dukani.

Ongeza boshori, jozi tatu za soksi, suruali ya michezo, ndara za kuogea, blanketi na leso mbili. Usiidharau leso. Usiku ni shuka, kwenye basi ni mto, na wakati wa kungoja zamu humfunika mchezaji ngoma mabega bila kuyaharibu mapambo yake. Zungumza na mwalimu mapema wakubaliane kwamba watoto watavua leso na sweta mlangoni tu, jina la shule linapoitwa.

Maji ndiyo adui mkubwa

Nguo iliyolowa ni mbaya kuliko kukosa nguo nzito. Maji huuondolea mwili joto kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa, na pamba ikilowa hukaa na unyevu kwa muda mrefu. Mtoto aliyenyeshewa kisha akapigwa na upepo huweza kuzizima hata pale ambapo baridi si kali.

Zamani tulizifunga nguo katika karatasi za plastiki kabla ya kuzitia mkobani. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017. Badala yake, chukua kipande cha kitambaa cha plastiki cha kutandika mezani, ufungie humo seti moja kamili ya nguo kavu: chupi, fulana, soksi, suruali na sweta. Mwambie mtoto kwamba seti hiyo haiguswi ila akilowa.

Mfundishe pia kuzitambua dalili za hatari kwake na kwa mwenzake. Kutetemeka ni onyo la kwanza. Mtoto akianza kujikwaa, kuzungumza kama mlevi, kusinzia ovyo, au akiacha kutetemeka hali bado ana baridi, hiyo si nafuu. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, maisha yamo hatarini. Avuliwe nguo zilizolowa, akaushwe, afunikwe pamoja na kichwa, na ikiwa ana fahamu zake apewe kinywaji cha moto chenye sukari huku akitafutiwa usafiri wa kwenda hospitali. Asisuguliwe mikono na miguu.

Usiku na hatari ya jiko

Mara nyingi wageni hulazwa madarasani au mabwenini, magodoro yakiwa sakafuni. Baridi inapozidi usiku wa manane, pana kishawishi cha kuliingiza jiko la makaa ndani na kufunga madirisha. Ndugu msomaji, jambo hili limeangamiza familia nzima hapa nchini. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtu hulala asiamke. Mwambie mwanao waziwazi: jiko likiingia, yeye atoke akamwite mwalimu. Blanketi la pili ni mzigo, lakini ni mzigo unaobebeka.

Aidha, ifahamike kwamba baridi peke yake haizai nimonia. Nimonia huletwa na viini, navyo huenea kwa urahisi watoto 40 wanapolala chumba kimoja kilichofungwa kila upenyo. Madirisha mawili yaachwe wazi kidogo.

Watoto wa kuangaliwa zaidi

Hewa baridi hubana njia za pumzi za mwenye pumu, na vumbi la uwanjani humzidishia. Pampu yake ya dawa ikae mfukoni mwake mwenyewe, wala si kwenye buti la basi.

Mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao huonekana sana magharibi mwa nchi na Pwani, yumo hatarini zaidi. Baridi, kiu na uchovu vyote huweza kumletea maumivu makali ya mifupa. Haina maana abaki nyumbani akiwasikiliza wenzake redioni. Maana yake ni nguo kavu daima, maji kila saa, dawa zake za kila siku, na barua fupi kwa mwalimu inayoeleza la kufanya akishikwa na maumivu. Mwone daktari wake kabla ya safari. Wapo wazazi wanaoficha ugonjwa huu kwa kuona haya, lakini mwalimu hawezi kumwokoa mtoto kutokana na jambo asilolijua.

Kwa wanaoteremka kuelekea Pwani au ziwani, shida hugeuka. Watoto hujinyima maji wakihofia foleni ya choo, kisha husimama juani saa nzima wakiwa na kaptura na soksi nzito. Kofia yenye ukingo, nguo nyepesi ya kubadilisha na chupa ya lita moja ya maji ni lazima. Kichwa kikiuma, akiona kizunguzungu au kutapika, aketi kivulini na anyweshwe maji. Akichanganyikiwa, amwagiwe maji, apepewe na akimbizwe hospitali.

Usisahau mbu. Mtoto aliyekulia nyanda za juu hana kinga ya malaria kama mwenzake wa Kisumu au Kilifi. Mtilie mkobani chandarua chenye dawa na shati la mikono mirefu la jioni, na umuulize daktari kuhusu dawa za kinga. Malaria kwa kawaida huchukua siku saba au zaidi kujitokeza, kwa hivyo homa inaweza kumshika akiwa amekwisha kurudi nyumbani na kikombe kimewekwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Usiseme ni uchovu wa safari. Mpeleke apimwe damu siku hiyo hiyo, na umwambie daktari alikotoka.

Jambo la mwisho. Usifunge mkoba peke yako mtoto akiwa amelala. Ufungeni pamoja, ili ajue sweta iko wapi gizani na ile seti kavu iko upande gani. Majaji wataikagua sare yake kwa dakika chache jukwaani. Saa nyingine zote za safari hiyo atazipitisha na kile ulichomfungia wewe.